Papa Isidore na Mitego Iliyokaa Mitupu

Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma, naomba radhi kwa majirani zetu wenye matanga ya Mama Fatouma, kwani asubuhi hii mimi Cyrille, shemeji wa marehemu, niliyevuka ziwa mpaka Kigoma na Mpulungu bila kupotea, niliingia kwao na karatasi hii, nikasimama kwa heshima zote, nikasoma mpaka «ameacha mke», ndipo wakanishika mkono.

Papa Isidore Kalenga alizaliwa Kirungu tarehe 14 Mei 1951, akasoma msingi huko huko milimani, akamaliza shule ya kilimo mwaka 1973, na tangu 1975 akatunza maghala ya mahindi hapa Kalemie, akafunga ndoa na dada yangu Adrienne tarehe 4 Agosti 1979, Mungu akawapa Chantal na Ignace; ameacha mke na watoto hao wawili.

Adui yake alikuwa dumuzi, kale kadudu kanakogeuza punje kuwa vumbi. Dume akipata hindi zuri hutoa harufu ya kuita wenzake, sisi hatuisikii, ila marehemu alitundika mitego yenye harufu kama hiyo, niliyomletea toka Kigoma, wakinasa anajua wamefika.

Kiangazi cha mwaka 2000, majira yetu ya ukavu na baridi, katikati ya vita, watu waliokimbia Manono walimkabidhi mbegu zao zote, naye akatazama mitego, akaikuta mitupu, akasema ghala ni safi, akasahau kwamba upepo baridi wa ziwa huwazuia kuruka, na kwamba dume akishapata jike hunyamaza, haiti tena. Walikuwa ndani tayari. Joto liliporudi, magunia yaliguswa, yakabonyea.

Tangu hapo mtego ukinasa alilala, ukikaa mtupu alikesha, akatundika mmoja mpaka chumbani, dada yangu akalia, «Papa Chantal, humu hamuna hata punje!», naye akajibu kwamba hata lile ghala lilisema hivyo hivyo.

Aliugua malaria tarehe 2 Machi 2003, akatutoka tarehe 9 hospitalini, akiwa ananusa mashuka na kuuliza kama watu wa Manono wamemsamehe.

Tunawashukuru waganga, majirani, na wenzake wa ghalani waliochimba kaburi huku milio ya risasi ikisikika. Nawe shemeji, lala sasa, zamu yako imekwisha.

Na kwa kuwa hatuzoei kumzika mtu na swali lake, jana nilimwendea Mama Noëlla, mkubwa wa wale wa Manono, nikamwombea marehemu msamaha kwa maneno marefu na machozi kidogo. Alikuwa anatwanga, hakuacha mchi.

«Papa Cyrille, lile vumbi tulipika uji, tukakula. Mutoto wangu mumoja akakufa, wengine njo hawa unaona hapa. Muzikeni.»