Goti la Mjukuu na Mbegu ya Fahali

Kwenye foleni ya gari la Nyeri, pale Mweiga, Monicah alipiga gumzo na mzee Mutahi aliyesimama mbele yake, akagundua kwamba mjukuu wa mzee ana ugonjwa wa damu isiyoganda, kama mwana wa Monicah mwenyewe.

“Wangu anadungwa ile dawa ya kugandisha damu, ile ya maabara,” Monicah akamwambia. “Shule haikosi.”

“Hapana, mama. Sisi tunangoja ile dawa inatolewa kwa damu ya watu. Kitu ya maabara siwezi amini.”

“Na goti yake, damu haijaingia?”

“Imefura kama kabichi. Lakini tutangoja.”

Monicah akautazama mtungi ambao mzee aliukumbatia kama kitoto kichanga. “Na hiyo ni nini?”

“Mbegu ya fahali, ya kupandisha ng'ombe yangu. Imetoka maabara huko ng'ambo. Hiyo fahali yenyewe sijawahi ona.”

Gari likafika. Mzee akaupakia mtungi kwanza, taratibu.

“Wacha nitangulie, mama. Ng'ombe haiwezi ngoja.”