Kofia Mbili za Kwenda Ukweni

Nyuma kwenye lori la kwenda Majimoto, kijana aitwaye Sospeter alipakata kofia mbili, pama nyeusi ya kitambaa kizito na ya ukindu. Alikuwa anakwenda kulima mpunga wa baba mkwe siku tatu, ndipo aambiwe kama anapewa binti.

"Vaa pama," akasema mama aliyekalia gunia jirani. "Mvua ya Februari haina adabu."

"Na jua likiwaka, mama? Si nitaiva humo kama kiazi?"

"Basi ya ukindu. Ikinyesha utafanana na kuku aliyetumbukia kisimani."

Mimi, abiria wa gunia la tatu, nimezunguka nchi hii kichwa wazi miaka arobaini, lakini hakuna aliyeniuliza.

"Mkwe mwenyewe atakuwepo shambani?" mama akauliza.

"Kutwa nzima, anasimama tutani ananitazama."

"Na nyie kwenu mnavaa kofia mbele ya mkwe?"

Sospeter akazigeuza kofia mapajani. Kote nilikopita, hilo ni tusi.

"Ziache kwenye mfuko," mama akamwambia.

"Ni binti aliyezinunua mnadani, mama. Kasema atachungulia aone nimevaa ipi."

Lori likasimama. Mzee alikuwa anangoja barabarani, binti nyuma yake. Sospeter akashuka, kofia moja kila mkono, mvua ikimpiga utosini.