Bibi Shamba na Mitini ya Ndugu Yake

Mama yetu, ambaye wengi mliofika hapa mlimjua kwa jina la Bibi Shamba, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953, wa kwanza kati ya watoto wawili. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho upande wa juu wa mtaa, kule ambako ukungu huingia hadi jikoni bila kupiga hodi. Bibi yetu aliwatoka mapema, hivyo mama akamlea mdogo wake, yaani mjomba wetu: alimfulia, alimfunga vifungo, alimgombeza. Mjomba husema alijua kumwogopa dada yake kabla hajajua kutembea.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1974 akahitimu chuo cha kilimo. Wenzake wa chuoni walimtania kwamba anaonja udongo. Mama alikana hadi uzeeni. Alisema alikuwa akiunusa tu, ila kwa karibu.

Mwaka uliofuata aliajiriwa ofisi ya kilimo, akawa anawatembelea wakulima kwa baiskeli. Mnyororo wa baiskeli hiyo ulimsumbua sana. Kila akitengenezewa, baada ya siku chache unachomoka, naye anarudi kwa fundi yuleyule. Siku moja akamjia juu: "Wewe fundi, hii kazi unaijua kweli?" Fundi akainamisha kichwa, akajibu, "Naijua, dada. Nikiukaza mnyororo vizuri hutarudi." Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1978, wakajaliwa watoto watatu. Mimi ninayesoma wasifu huu ndiye wa kwanza. Baba alitangulia mwaka 2009.

Sasa tufike mahali ambapo mama alituagiza tusiparuke. Alisema wasifu unaosifu tu ni wa mtu mwingine.

Mwaka 1991 ofisi ilimpeleka kwenye mafunzo kule bondeni, nchi ya joto kavu. Huko alikula tini kubwa za zambarau, tamu hadi vidole vikanata. Alirudi na vipande vya matawi vilivyofungwa kwa gunia bichi, na mtu wa kwanza kumwendea alikuwa mjomba. Mjomba alikuwa na shamba la michungwa aliloachiwa na babu, miti iliyochoka lakini bado inazaa.

"Ng'oa," mama alimwambia. "Panda mitini."

"Yote, dada?"

"Yote. Mtini hauna maringo."

"Haya. Wewe ndiye bibi shamba, mimi mshika jembe tu."

Akang'oa. Mitini ikashika, ikastawi, ikawa na majani mapana hadi watu wakaja kuitazama. Ilipoanza kuzaa, matunda mengi yalidondoka yakiwa madogo kama vifungo vya koti. Yaliyobaki yalijaa, na yalipokaribia kuiva, mvua zetu zikaanza. Maji yakaingia kwa kitundu cha chini ya tunda, tini zikapasuka na kuchacha mtini, nzi wakajaa. Mwaka uliofuata, hali ileile. Shamba lote lilinuka kama pombe iliyoharibika. Mjomba akaenda kuwa mlinzi kiwanda cha mbao, akisimama getini kwenye mvua ileile iliyomwozeshea matunda. Wanawe wakatawanyika kutafuta vibarua.

Mjomba hakugombana. Angegombana ingekuwa afadhali. Wakikutana sokoni, huyu alitazama nyanya, yule alitazama vitunguu.

Mama alisimama kwenye mkutano wa wakulima akasema wazi, "Nilikosea. Niliwaletea mti bila kuuliza kama unaiweza mvua yetu. Msiupande." Wengine walimpigia makofi. Alirudi nyumbani akajifungia chumbani.

Baada ya hapo alianza kutafuta. Kando ya ukuta wa jikoni alipanga makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, kila kopo na aina yake ya mtini, kutoka kwa watu wa milimani, wa pwani, wa kila upande. Sisi watoto tulikatazwa kuikinga na mvua. "Acheni inyeshewe," alisema. "Nataka kuona nani analia." Iliyodondosha matunda kwenye baridi aliitoa, na iliyopasuka nayo akaitoa. Aligundua kwamba baadhi ya mitini hudondosha matunda machanga isipopata mdudu fulani mdogo kama nyigu, na mdudu huyo kwetu hayupo. Miaka ikapita. Mwishowe ukabaki mmoja wenye tini ndogo za kahawia, zisizo na sura. Ulizaa wenyewe bila mdudu, uliivisha kabla ya mvua kubwa, na kitundu cha tunda kilizibwa na tone la utomvu mtamu, maji yasipate njia.

Mitini mingi mnayoiona mtaani imetoka kwenye kopo hilo. Mtu akija kumuuliza, "Bibi Shamba, mtini upi ni mzuri?" alijibu, "Mzuri wapi? Niambie kwanza mvua yako inanyesha lini." Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mama aliongeza kwamba asiyechagua mche naye si mkulima.

Mjomba alipelekewa miche mara kadhaa. Kila mara ilirudishwa, imemwagiliwa vizuri.

Mwaka 2019 mama alianza kusumbuliwa na moyo. Mwishoni mwa Mei 2022 alilazwa. Alasiri moja mjomba aliingia wodini, bado na sare ya ulinzi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa."

Hakukaa. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Kwa nini hukuniambia kwamba hujui?"

"Kwa sababu nilidhani najua."

"Ungesema hujui, tungejaribu miwili, mitatu. Nilikuamini hadi nikang'oa yote."

"Nilijua unaniamini," mama alisema. "Ndiyo maana ilinipasa kusema miwili."

Mjomba alimvutia shuka hadi mabegani, akatoka. Hakusema amesamehe, nasi hatutamsemea. Mama aligeukia ukutani, chai yake ikapoa. Alifariki dunia tarehe 9 Juni 2022, asubuhi.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba na mdogo wake mmoja. Jana tulimuuliza mjomba kama angependa tumtaje. Akasema, "Nitajeni. Nimemkasirikia miaka yote hii kwa kuwa ni dada yangu. Angekuwa mtu baki, ningekwisha kumsahau."

Mama yetu na apumzike sasa, kwa ile amani aliyoitafuta.