Imeingia, au Imekaa?

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Nati anarudisha funguo za stoo ya karakana ya shule yetu baada ya kuzishika miaka thelathini na moja. Jina lake halisi liko kwenye faili ofisini. Sisi wa ufundi magari hatujawahi kulihitaji.

Aliajiriwa kufagia. Nati alizookota sakafuni alizipanga kwenye makopo ya rangi, na kabla ya mwaka kwisha mafundi walikuwa wakimuuliza yeye badala ya kupekua makabati. Ndipo akapewa stoo.

Kila mwanafunzi anayefunga nati analijua swali lake: "Imeingia, au imekaa?" Ukijibu imeingia, unarudishwa ukaangalie tena.

Mwaka jana aliulizwa mwalimu wa hesabu. Gari lake la spoti ni la zamani kuliko yeye, na nati za magurudumu zilikuwa zimeliwa na kutu. Akanunua mpya zinazong'aa, akazifunga mwenyewe uwanjani. Mchana ule alikuwa aende kumchukua mama yake hospitalini, safari ya milima mitupu. Mama Nati akapita na kikombe chake cha chai, akainama.

"Zimeingia zote kumi na sita, dada, bila ubishi," mwalimu akajigamba.

"Hesabu nimeisikia. Sasa fungua moja."

Uzi wa nati ulikuwa sawa kabisa. Lakini tundu la rimu zile limechimbwa mviringo kama bakuli, na nati mpya zilichongoka kama pia ya kuchezea. Ziligusa rimu kwa ukingo mwembamba tu. Barabarani zingelegea, na gurudumu lingechomoka mteremkoni.

Mama Nati akaleta kopo la nati mpya zenye kitako cha mviringo. Kila moja aliianza kwa vidole, ndipo akakaza kwa spana ya kupimia nguvu, akitoka nati moja kwenda ile ya upande wa pili. Akamwagiza mwalimu asimame njiani akaze tena.

Mgonjwa alifika nyumbani salama, akilalamikia kiti kigumu njia nzima.

Mshika funguo mpya bado hajatangazwa. Makopo yote yana lebo, na wapo wanafunzi wa kike waliokwisha kuzikariri, endapo siku moja wataulizwa.

Asante, Mama Nati. Tunakutakia afya njema, kiti laini, na pumziko lililokaa.