Matofaa ya Philomène Yasirudi Nyumbani

Sogeeni, wanangu, Casimir na Léonie, na mzime hiyo redio, maana kwa pumzi iliyonibakia sitaki kushindana na mtu. Nyumba na shamba la mizeituni ni vyenu, gawaneni mpendavyo. Ile picha ya matofaa iliyoko makumbusho ya mjini, hiyo iacheni.

Usinitazame hivyo, Casimir. Nimesikia ulikwenda kwa wakili kuuliza kama inaweza kurudishwa, sasa kwa kuwa kazi za mchoraji wake zinagombewa hadi Paris. Picha hiyo alimpa bibi yangu Philomène, aliyekuwa akimfulia nguo, siku zile ambazo kijiji kizima kilimwona mchoraji huyo mwendawazimu, nasi tukaitundika jikoni. Wajerumani walipoikalia nchi na chakula kikaadimika, mama alikuwa akituketisha mbele ya picha hiyo, mimi na kaka yangu Anselme, anauliza, "Leo nani anakula lipi?" nasi tunagombania lile tofaa jekundu mpaka usingizi unatuchukua. Mama alipokufa aliniachia mimi, na Anselme huyohuyo akaniletea mnunuzi mlangoni. Nikaificha kapuni chini ya mikate, nikapanda treni, nikawakabidhi makumbusho kwa sharti moja: itundikwe mahali ambapo yeyote ataiona bila kulipa. Kaka yangu hakunisemesha tena mpaka anaingia kaburini, na sijutii.

Baadaye wakaishusha, wakaifungia stoo, eti ni ndogo, haivuti wageni. Nikaenda nikaketi sakafuni, ofisini kwa mkurugenzi.

"Mama, hapa hapakaliwi," akaniambia.

"Nimeshakaa, mwanangu. Wewe endelea na kazi zako."

Akamwita mlinzi anitoe. Mlinzi akaniletea kiti na kahawa. Jioni picha ikarudi ukutani.

Basi nisikieni. Wakiishusha tena, nendeni mkakae. Mtu akiwaletea karatasi ya kutia sahihi ili irudi kwetu, mfungulieni mlango atoke. Nami msinivalishe lile gauni jeusi. Nizikeni na aproni yangu ya sokoni, na padre akinung'unika, mwambieni nilitaka mwenyewe.

Léonie, niinue kidogo... hapo, inatosha. Mungu awape meza yenye kitu juu yake, na watu wa kula nao... Casimir, nyamaza, nipe mkono. Ukaidi wangu... huo sikuuandikisha kwa wakili... uchukueni nyote wawili... sawa kwa sawa.