Fundi Sikio, Aliyekatazwa Kutengeneza Kikombe Chake

Mimi ni binti yake wa pili. Mama ameniomba nisome wasifu huu wa marehemu kwa sababu, anasema, mimi ndiye niliyerithi sauti ya Baba, na ubishi wake pia.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba namba saba, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Babu alikuwa mtia grisi wa mabehewa na bibi alishona sare za shule. Shangazi, dada yake mkubwa ambaye yuko nasi hapa, anasema mtoto huyo alichelewa kusema hadi majirani wakaanza kunong'ona. Kumbe alikuwa anasikiliza. Siku moja cherehani ya bibi ilipoanza kukwama, akatoa sentensi yake ya kwanza iliyokamilika: "Mama, kitu kimelegea chini." Bibi akainama, akakuta skrubu imelegea kweli.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, kisha akasoma shule ya ufundi kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1971, fani ya uchongaji vyuma. Huko alikutana na kijana ambaye waligawana benchi moja, kabati moja, na hata jozi moja ya viatu vya karakana, huyu akivaa asubuhi na yule mchana. Walikuwa wamezaliwa mwezi mmoja na mwaka mmoja, wakipishana siku sita tu. Wakaitana Pacha. Sisi watoto tulikua tukimwita baba mdogo, na mimi nilikuwa darasa la tano nilipojua kwamba hakuwa ndugu wa damu. Nililia siku hiyo.

Mwaka 1973 wote wawili waliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa mitambo. Baba karakana, Pacha ofisi ya mipango. Pacha alikuwa na ulimi na Baba alikuwa na mikono, na kwa miaka mingi mgawanyo huo uliwafaa wote.

Marehemu alifunga ndoa na Mama tarehe 20 Agosti 1978. Msimamizi wake alikuwa Pacha. Sherehe ilichelewa, bibi harusi amekaa, wageni wanatazamana, bwana harusi haonekani. Pacha alimkuta nyuma ya ukumbi, amepiga magoti na suti yake, ameegemeza mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye jenereta. "Pacha, watu wanakungoja!" Baba akajibu bila kugeuka, "Waambie wangoje kidogo. Hili likizima, tutacheza muziki wa midomo." Jina la Sikio lilianzia hapo. Mama anasema alijua siku ile ile kwamba ameolewa mke wa pili, wa kwanza ni mashine.

Mwaka 1996 taasisi iliingia katika mpango wa ushirikiano wa nchi nne, uliokusudia kupeleka umeme usio na moshi katika vijiji vya milimani kwa kutumia maporomoko ya maji. Siku ya uzinduzi Pacha ndiye aliyehutubia, na kauli yake ikapigiwa makofi: "Kitakachogunduliwa na wote, kitatumiwa na wote." Baba, ambaye hakuwa mtu wa hotuba, aliiandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa karakana. Mwaka 1998 alipelekwa miezi tisa ng'ambo, kwenye maabara ya mmoja wa washirika, na kwenye sanduku lake alipakia makoti mawili na bisibisi ile.

Tatizo lilikuwa mchanga. Mitambo ile ina gurudumu la chuma lenye vikombe kuzunguka ukingo wake. Maji yakivipiga, gurudumu linazunguka na umeme unapatikana. Kila masika maji hushuka na mchanga, nao hula vikombe kama panya alavyo sabuni. Gurudumu lilikuwa kitu kimoja, hivyo kikombe kikiharibika, lote linatupwa. Mwaka 2001 Baba alibuni kikombe kinachofungwa kimoja kimoja, kwa boliti mbili na kabari moja. Kikiliwa, fundi wa kijijini anakibadilisha kwa spana moja kabla chai haijapoa. Mhandisi mgeni wa mpango, mama mmoja mwenye maneno machache, alikikagua kutwa nzima, kisha akamwambia, "Fundi, tungekuwa na aibu tungekupa viti vyetu." Kufikia mwaka 2006 vijiji kumi na kimoja vilikuwa na umeme huo, na vibanda vya majenereta ya dizeli vikageuka mabanda ya kuku.

Nayasoma yanayofuata kwa ruhusa ya Mama.

Mwaka 2007 ulisainiwa mkataba wa awamu ya pili. Pacha alikuwa sasa mkurugenzi, na ndiye aliyesaini. Katika kiambatisho cha mkataba huo, haki ya kutengeneza gurudumu na vikombe vyake ilipewa kiwanda kimoja cha ng'ambo peke yake. Pacha alipata kiti katika baraza la ushirikiano, na safari zake. Tarehe 3 Juni 2008 lori lilikuja karakana likachukua kalibu zote za kutolea umbo la vikombe. Dereva aliomba radhi. Baba alimsaidia kupakia.

Nyumbani tulipomuuliza, alisema, "Alisaini bila kusoma. Pacha tangu shule hapendi karatasi ndefu. Akigundua, atarekebisha."

Masika ya 2010, mwalimu mkuu na mkunga wa kijiji kimoja cha milimani walikuja kwetu na matope miguuni. Vikombe sita vilikuwa vimeliwa na kiwanda kilikuwa kimewaambia wasubiri miezi mitano.

"Fundi, nazalisha kwa tochi ya simu," mkunga alisema. "Na lile jenereta wamelirudisha, linatufukiza mpaka wodini. Wewe huna kalibu?"

"Kalibu hata kesho nitachonga," Baba alisema. "Ruhusa ndiyo sina."

"Watoto hawangoji ruhusa, Fundi."

Alichonga kalibu mpya kwa mbao za kitanda changu cha zamani, akavimimina vikombe kwa rafiki yake mfua vyuma, akaenda akavifunga mwenyewe. Taa zikawaka. Wiki tatu baadaye alipokea barua ya kustaafishwa "kwa manufaa ya ushirikiano". Sahihi ilikuwa ya Pacha.

"Na hii nayo hakuisoma?" Mama aliuliza.

"Makatibu humpelekea barua thelathini kwa mpigo."

"Kikulacho ki nguoni mwako, baba watoto."

"Nguo hii nimeivaa miaka arobaini," Baba alisema. "Ingekuwa na chawa ningejikuna."

Mwaka 2016 yule mhandisi mgeni, aliyekuwa ameacha kazi, alimtumia nakala ya kiambatisho kile. Kila ukurasa ulikuwa na herufi za kwanza za jina la Pacha, kwa mwandiko wake. Baba aliitazama muda mrefu, akaikunja, akasema mtu anaweza kutia herufi huku mawazo yake yako kwenye ndege. Tukaacha kumbishia. Alikuwa hatetei sahihi tena; alikuwa analinda kitu chake.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2019, maradhi ambayo daktari aliyahusisha na vumbi la vyuma. Alilazwa tarehe 16 Januari 2023. Tarehe 11 Februari, saa tano asubuhi, Pacha alikuja wodini na mfuko wa machungwa. Mimi nilikuwepo. Walishikana mikono, wakacheka habari za viatu vya karakana. Kisha Baba akauliza, taratibu, kwa pumzi aliyokuwa nayo:

"Pacha, kile kiambatisho. Ulikisoma?"

Angesema hapana, Baba angemshukuru. Mimi niliona macho ya Baba yakiomba.

"Nilikisoma," Pacha alisema. "Mara mbili. Walisema bila kipengele kile hakuna awamu ya pili. Nikaona, Pacha, kikombe ni kitu kidogo."

Baba aliondoa mkono wake. Akaniambia, "Mwanangu, msindikize mgeni. Muda wa kutazama wagonjwa umekwisha."

Muda ulikuwa haujaisha, na kwa miaka hamsini na mitano hakuwahi kumwita mgeni.

Aliyekuwa Pacha wake yuko kati yetu leo. Familia haikumwalika, wala haitamwondoa. Jina lake halimo kwenye ratiba ya salamu, na hivyo ndivyo marehemu alivyoagiza.

Zaidi ya agizo hilo, siku zilizobaki Baba hakulitaja jambo lile. Tarehe 18 Februari aliomba kalamu, mikono ikakataa, akaniambia niandike mimi: upana wa kikombe, kina chake, pembe ya kabari, unene wa boliti. Alinirudisha nyuma mara mbili nilipokosea nusu milimita. Alifariki dunia kesho yake, Jumapili tarehe 19 Februari 2023, saa moja na robo asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, dada mmoja, na mafundi ishirini na wawili aliowafundisha kusikiliza kabla ya kufungua.

Ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa picha za familia, mtakuta mchoro wenye vipimo vyote. Wakili alitushauri tusiuchapishe. Tumechapa nakala mia sita. Waliotoka milimani, tafadhalini msiondoke mikono mitupu.

Pumzika, Baba, kwa amani uliyonyimwa.