Mwiteni Fundi

Niwekeeni mto hapa mgongoni, wanangu, kisha mkae mnisikilize, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno.

Nyumba hii ni yenu ninyi vijana wangu wawili, gawaneni vyumba bila kununiana. Karakana, pamoja na mashine zote za kuchomelea, nampa dada yenu, kitinda mimba wangu. Wewe kifungua mimba, usikunje uso, bado naona. Na jana nilikusikia ukimwambia, "Haya, mheshimiwa bosi, tupangie kazi." Mwanangu, cheo cha kejeli nakijua hata kikisemwa chumba cha pili. Marehemu baba yenu akiniita "mama watoto" mambo yalikuwa shwari. Akiniita "bibie" nilijua nimemuudhi tangu asubuhi.

Miaka kumi na mmoja nilichomelea mageti katika karakana hiyohiyo, mwanamke peke yangu, na wenzangu wote waliitwa fundi, hata yule aliyeshindwa kunyoosha bawaba, ila mimi msimamizi, mwenye karakana, aliniita "dada". Hakunitukana. Dada, shika hapa; dada, zoa vyuma hivi. Ni neno zuri, lakini ndilo utakaloitwa na mwenye duka asiyekujua, na mimi liliniuma kila siku ya Mungu.

Mpaka geti la soko lilipong'oka. Wanaume walilichomelea mara tatu, likaachia mara tatu palepale, wafanyabiashara wamejaa nje wanapiga kelele, msimamizi jasho linamtiririka. Mimi nilishaona kwamba nguzo imeinama, hata wangechomelea mwaka mzima lisingeshika. Nikaendelea zangu kuzoa vyuma. Msimamizi akanigeukia mbele ya watu wote: "Fundi, tufanyeje?" Nikajifanya sijasikia, ili arudie! Akarudia, tena kwa sauti. Tukanyoosha nguzo, nikachomelea, na geti lile linafunguka vizuri mpaka leo. Kila nilipokwenda sokoni nililisukuma makusudi. Nilishinda, wanangu, na raha ile haijaniisha hata hapa kitandani.

Msimamizi yule ndiye aliyeniachia karakana alipostaafu. Akija kunizika mpeni kiti cha mbele, mumwite Mzee, kwa heshima kabisa. Kinyongo changu kwake kimekwisha.

Lakini dada yenu asisubiri miaka kumi na mmoja. Mbele ya wateja na vibarua, mwiteni Fundi. Akikosea, mrekebisheni mkiwa wenyewe. Na wewe binti yangu, usivimbe kichwa. Hawa ni kaka zako, waamkie shikamoo kila asubuhi kabla hujawatuma.

Mungu awape... awape mikono yenye nguvu, na midomo isiyomshusha mtu. Nimewaridhia wote.

Kifungua mimba, sogea. Macho yanaingia giza, lakini masikio bado. Mwite, nisikie.

Hapana... sauti yako inakuja kwangu. Mgeukie yeye.

Ehe! Hapo sawa.

Itika, binti yangu... unaitwa.